Anayeshika Kisu Alisomea Wapi?

Tukinunua gari tunauliza limetembea kilomita ngapi. Fundi ujenzi tunataka kwanza kuziona nyumba alizojenga. Ila daktari akisema mgongo huu lazima upasuliwe, wengi wetu tunaitikia "sawa dokta" na kuulizia bei tu. Jamani, uti wa mgongo!

Suala hili limenikaa kichwani tangu shemeji yangu alipodondoka kwenye mnazi kule Dunda, Bagamoyo. Nazi ni chakula na ni pesa, lakini mkwezi wetu hapandi na mkanda wala kofia. Siku chache baadaye dada yangu yuko Dar, kashikishwa fomu ya kusaini, na hamjui hata jina mtu atakayemfungua mumewe. Nikamwambia, muulize. Akaona haya: "Mi na nani nimuulize daktari kasomea wapi?"

Wewe na mumeo, ndo nani. Na safari ya daktari huyo si siri. Miaka mitano ya shahada, kisha mmoja wa mazoezi chini ya usimamizi. Hapo ni daktari, ila si wa mgongo wako bado. Anarudi kusomea ubingwa wa mifupa na ajali, MUHAS kwa mfano, au anapitia COSECSA, chuo cha madaktari wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa 1999, kinachomfundisha akiwa kazini hospitalini. Miaka mitatu, minne, hata mitano. Kisha ndipo mgongo wenyewe, mwaka au zaidi chini ya mkono wa mtu aliyeuzoea. Piga hesabu, haipungui miaka kumi.

Kwetu fani hii bado changa. Profesa Philemon Sarungi, aliyefariki Machi 2025, wengi tulimjua kama waziri, kumbe kabla ya siasa alikuwa daktari wa mifupa. Udaktari aliusomea Hungaria, akaja kufundisha Muhimbili. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, nayo ilianzishwa kwa sheria ya 1996 tu. Kizazi cha Sarungi kilipanda ndege kuufuata ubingwa; leo wapo wanaoupatia hapo hapo Upanga.

Kinachochanganya watu ni kwamba mgongo una wenyewe wawili. Kuna bingwa wa mifupa, na kuna bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Dk. Roger Härtl wa New York, ambaye amekuwa akija MOI kufundisha wenzake, ni wa kundi hili la pili. Hakuna aliye feki hapo. Cha kujua ni kama huyo wako alikaa na migongo muda wa kutosha baada ya ubingwa.

Dada alijikaza akauliza. Daktari akavuta kiti, akamweleza alikosomea, na upasuaji kama ule anaufanya mara ngapi. Robo saa haikufika. Akasaini.

Anayekasirika kuulizwa, mi ningetafuta maoni ya mwingine kwanza, maana maumivu mengi ya mgongo hata hayahitaji kisu. Na kumbuka Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalowasajili, bingwa kwa ubingwa wake. Jina lake liulizie huko, mchana kweupe.