Mofini: Si Unga, Si Dawa ya Kufa, Lakini Usicheze Nayo

Daktari akiandikia buda wako mofini, utasikia maneno mawili nyumbani: "wanataka kumgeuza teja" ama "wameshakata tamaa." Yote mawili yanaumiza wasee bure, haswa huku Longisa na Bomet nzima, ambako saratani ya koo la chakula imesumbua familia kibao. Hospitali ya Tenwek inajulikana kwa kuwawekea wagonjwa kijibomba kwa koo ndio chakula ipite. Lakini kijibomba hakimalizi maumivu, na Panadol nayo ilishashindwa kitambo. Hapo ndio mofini inaingia.

Hii dawa hutoka kwa afyuni, utomvu wa mmea wa mpopi. Heroini hutengenezwa kutoka kwa hiyo hiyo mofini, na Bayer waliwahi kuiuza kama dawa ya kikohozi kuanzia 1898, imagine! So uoga una sababu. Lakini mofini ya maji hunywewa kwa kipimo, mara nyingi kila baada ya masaa manne, hata kama maumivu bado hayajarudi. Kungoja mzee alie kwanza ndio umpe ni kumtesa. Majirani zetu Uganda walishaizoea. Kule hata manesi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Mwili ukiizoea, huo si uteja, ila usiikatize ghafla. Daktari ataipunguza polepole.

Sasa noma iko wapi? Choo kitafunga, karibu kila mtu, kwa hivyo itisha dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo bila aibu. Usingizi na kichefuchefu hupungua baada ya siku chache. Hatari yenyewe ni pumzi. Dozi ikizidi, ama ikipatana na chang'aa au tembe za usingizi, mtu hupumua polepole mpaka anyamaze. Ukiona haamki, anakoroma kiajabu, mboni za macho zimekuwa kama tundu la sindano, mkimbize hospitali. Kuna dawa ya kuipindua, naloksoni, lakini lazima afike mapema. Mwenye figo mbovu naye aseme kabla ya kuanza, juu kwake mofini hukawia mwilini.

Na hiyo chupa ni ya mgonjwa pekee. Usimmegee jirani ati mgongo unamuuma baada ya kuchuna majani siku nzima. Kipimo alichozoea mgonjwa kinaweza kuua mtu ambaye hajawahi kuionja. Ifungie mbali na watoto, na ikibaki, irudishe hospitali.