Deni la Simu Lililomkuta Dereva wa Karatu: Kampuni za Fedha Mtandaoni Zinakuaje, na Hukmu Yake ni Nini?



Himidi zote Anastahiki Allaah, Swalaah na salaam zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Swahaba zake. Amma ba'd.

Msimu wa masika tulikuwa Karatu kwa siku nne, tumealikwa na ndugu zetu wa msikiti mmoja wa hapo mjini. Kwa asiyepajua, Karatu ni mji wa mwisho mkubwa kabla hujapanda kwenda Ngorongoro. Barabara ya lami inatoka Arusha, inapita Makuyuni na Mto wa Mbu, inaukwea ukingo wa Bonde la Ufa, halafu inaingia katika mashamba ya Wairaqw yenye udongo mwekundu. Ukivuka mji kidogo unafika lango la Lodware. Vijana wetu wa Unguja na Pemba wako huko wasiopungua, wengine madereva wa watalii, wengine wapishi wa kambi na mafundi wa magari, kwa sababu mtalii anayeshuka Ngorongoro wiki hii ndiye huyo huyo atakayekuwa Nungwi au Paje wiki ijayo. Wakati wa mvua kubwa watalii hupungua sana, magari huegeshwa, na dereva anayelipwa kwa safari hana safari.

Usiku wa pili, baada ya Swalah ya 'Ishaa, kijana mmoja wa Pemba alibaki nyuma mpaka watu wote wakatoka. Akasema: "Maalim, nataka kukuuliza, lakini nakuomba usinicheke." Tukamwambia, "Sema mwanangu, hapa hachekwi mtu."

Akatoa simu. Alikopa mara ya kwanza kupitia programu ya simu kodi ya nyumba ilipomkaba. Akaandikiwa mkopo wa shilingi 100,000, zikaingia 85,000, na baada ya siku 14 akatakiwa arejeshe 100,000 kamili. Hakuwa nazo, basi akakopa kwa mwengine amlipe wa kwanza, kisha kwa wa tatu amlipe wa pili. Wakafika watano. Alipochelewa, ujumbe ukaanza kwenda kwa watu waliokuwemo katika simu yake: bosi wake, mkwewe, mwalimu wake wa madrasa, na mama yake aliye Chake Chake. Mama akampigia simu analia, akamwambia atauza bangili zake za dhahabu. Kijana alikuwa na masuali mawili. Je, deni hili lote linamlazimu mbele ya Allaah? Na je, amwache mama auze?

Hatukuweza kumjibu kwa neno moja, na hatudhani anayetaka kulielewa jambo hili atalielewa kabla hajajua biashara yenyewe inavyokwenda. Watu wengi wanaona simu tu, hawaioni kampuni iliyo nyuma yake.

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na mwaka uliofuata Vodacom wakaileta Tanzania. Zanzibar nako Zantel walianza mapema na Z-Pesa, ambayo baadaye ikawa Ezypesa. Mwanzo wake ulikuwa mwepesi: mtu yuko mjini, wazazi wako shamba, benki iko mbali, basi unampa wakala taslimu na mzee anazipokea kwa wakala wa kwao. Mambo haya huko Karatu yanaonekana wazi. Vitunguu vya Mang'ola, bondeni kwenye Ziwa Eyasi, hununuliwa na wafanyabiashara wa mbali, na mkulima hupokea fedha kabla gari halijaondoka shambani. Mmasai wa Ngorongoro anauza mbuzi mnadani na hapandi na noti mfukoni. Tuseme kweli, huduma hii imewaondolea watu hatari ya kuporwa njiani, na sisi wenyewe tunaitumia kila siku.

Kampuni inapata wapi basi? Kwanza, katika ada. Unapotuma au kutoa, unalipia kazi ya kufikishiwa mali yako, na wakala hupata kamisheni yake. Hiyo ni ujira wa huduma, na 'Ulamaa wameijuzisha kazi ya mfano huo kwa mlango wa wakala na ijaara. Aliyewahi kununua noti ya kusafirishiwa fedha posta miaka ya nyuma analifahamu jambo hili. Hapana tatizo, ada ikiwa inajulikana.

Pili, fedha zinazolala. Kila shilingi iliyomo katika simu yako lazima iwe na shilingi halisi iliyowekwa benki katika akaunti ya amana, na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 ndiyo iliyoliimarisha hilo. Sasa fikirini mamilioni ya watu, kila mmoja ana elfu mbili tatu zimebaki kwenye simu. Zikikusanyika huwa mabilioni, na benki hulipa faida juu yake. Mwaka 2014 Tigo Pesa waligawa zaidi ya shilingi bilioni 14 kwa wateja wao kutokana na akaunti hizo, na kampuni nyengine zikafuata. (Tigo Pesa leo inaitwa Mixx by Yas, tangu Novemba 2024.) Watu huamka wakakuta shilingi mia saba zimeingia, wakadhani ni zawadi. Si zawadi. Ni faida ya amana iliyowekwa benki. Ikiwa benki hiyo ni ya kawaida, basi hiyo ni ribaa, na Majma' al-Fiqh al-Islaamiy ya Jeddah imelipitisha hilo tangu mwaka 1985. Usiitumie kwa chakula chako wala mavazi yako. Itoe kwa masikini au katika maslahi ya watu wote kwa nia ya kujivua nayo, bila ya kuihesabu kuwa ni swadaqah yako. Kwa kawaida ni kiasi kidogo, kwa hivyo jambo hili halina uzito wa kumkosesha mtu usingizi.

Njia ya tatu ndiyo nzito, nayo ni mikopo.

Hapa hebu tutoke nje ya nchi kidogo, kwa sababu India wametutangulia na njia waliyopita inatufundisha. Kampuni ya Paytm ilianzishwa na Vijay Shekhar Sharma mwaka 2010, mwanzoni ikiuza muda wa maongezi na malipo ya bili. Tarehe 8 Novemba 2016 serikali ya India ilitangaza kuwa noti za rupia 500 na 1,000 hazitumiki tena. Watu wakapanga foleni benki, na muuza chai ambaye jana hakuwa na habari na simu, leo amebandika alama ya kulipwa ukutani. Paytm ikapaa. Lakini mwaka huo huo ulikuja mfumo wa taifa wa malipo, UPI, ambao mtu hutuma fedha bila ya ada. Sasa kampuni ina wateja wengi mno na kazi yake ya asili haiingizi kitu. Itakula wapi? Ikaingia katika kusambaza mikopo midogo midogo kwa niaba ya wakopeshaji. Novemba 2021 iliuza hisa kwa umma, na siku ya kwanza tu bei ikaanguka kwa zaidi ya robo. Mwishoni mwa 2023, baada ya Benki Kuu ya India kubana mikopo isiyo na dhamana, Paytm ikatangaza kupunguza mikopo ya chini ya rupia 50,000. Na Januari 2024 Benki Kuu hiyo ikaizuia benki yake isipokee tena amana mpya, kwa kutofuata taratibu.

Tumeieleza kwa sababu mtindo ni mmoja. Kutuma fedha kunamleta mteja, mkopo ndio unaoleta chumo. Hapa kwetu M-Pawa ilianza 2014, Vodacom wakishirikiana na benki ya CBA, na baada ya hapo milango ikafunguka. Nyuma ya kampuni zenye jina na leseni zikaja programu ambazo mtu hajui mwenyewe ni nani wala ofisi iko wapi. Unapoipakua inakuomba ruhusa ya kuona majina yaliyomo kwenye simu, nawe unabonyeza "kubali" kwa sababu una shida. Hayo majina ndiyo dhamana yake. Mkopeshaji wa zamani alishika shamba au baiskeli. Huyu ameshika heshima yako kwa mama mkwe.

India waliliona hili mapema, na mwaka 2022 Benki Kuu yao ikapiga marufuku programu za mikopo kuchukua orodha ya majina ya mteja. Kwetu, Agosti 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa mtandaoni, na Novemba mwaka huo ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila ya leseni. Pia ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mtu anayetumiwa watu wake ujumbe wa kumdhalilisha anayo pa kushtaki.

Serikali pia imeweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wa daraja hilo, asilimia 3.5 kwa mwezi. Tukapiga hesabu na kijana wetu. Kwa shilingi 85,000 alizopokea, ukomo huo ni kama shilingi 3,000 kwa mwezi mzima. Yeye alitakiwa 15,000 kwa wiki mbili, karibu mara kumi ya ukomo. Lakini tunaomba msitufahamu vibaya. Kuwa ndani ya ukomo wa sheria ya nchi hakuifanyi ribaa kuwa halali. Kidogo chake na kingi chake ni kimoja katika uharamu.

Katika madh-hab yetu ya Imaam ash-Shaafi'iy, na kwa wengineo, mkopo wowote uliowekewa sharti la kumnufaisha mkopeshaji ni ribaa. Haibadilishi kitu ikiitwa ada ya huduma, ada ya usajili au "bima". Majma' al-Fiqh mwaka 1986 walijuzisha mkopeshaji kuchukua gharama halisi tu alizotumia katika kuutoa mkopo, na kinachozidi hapo ni haramu. Ada inayopanda kwa kadiri ya fedha na kwa kadiri ya siku haiwezi kuwa gharama halisi, kwani mtambo unaotuma 10,000 ndio ule ule unaotuma 100,000. Na faini ya kuchelewa inayoongezeka kila siku ndiyo ribaa ya Jaahiliyyah yenyewe, mdeni kuambiwa alipe au azidishe. Katika Suratul-Baqarah Aayah ya 280 Allaah Ameamrisha kinyume cha hayo, kwamba mdeni mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wasaa. Na katika Hadiyth ya Jaabir iliyomo katika Swahiyh Muslim, laana haikumpata mla ribaa peke yake, imempata na mtoaji, mwandishi na mashahidi wake. Kwa hivyo kijana naye alikuwa na sehemu yake ya kutubia, na tulimwambia hivyo bila ya kumzunguka.

Wengi hutuuliza kuhusu muda wa maongezi wa kukopa. Hilo ni suala jengine, kwa sababu unachopewa ni huduma na si fedha, na wapo 'Ulamaa walioruhusu kuuzwa kwa bei ya juu kwa mkopo madhali bei imejulikana na haiongezeki ukichelewa. Anayejiepusha nayo pia amechukua tahadhari nzuri.

Turudi kwa kijana. Tulikaa naye kwa kalamu na karatasi, mkopeshaji mmoja mmoja. Kinachomlazimu Kishari'ah ni rasilmali, yaani kile kilichoingia mkononi mwake, si kile kilichoandikwa. Kwa watatu alikuwa ameshalipa zaidi ya alichopokea. Wawili walibaki wakimdai rasilmali, jumla shilingi 155,000. Na wote watano kwa pamoja walikuwa wakidai 980,000.

Tukamwambia: hizo 155,000 ni deni la haki, utaulizwa nalo, hata kama aliyekukopesha ni dhalimu na hata kama hana leseni. Ziada hainalo haki mbele ya Allaah. Wale wasio na leseni wasikutie hofu, peleka malalamiko Benki Kuu na polisi, na uhifadhi kila ujumbe waliotuma. Mwenye leseni muandikie uombe akusamehe ziada. Akikataa na sheria ikakulazimisha, utalipa hali ya kulazimishwa, na dhambi ya kuichukua ni yake. Usikope tena kwa yeyote ili kumlipa yeyote kati yao. Na programu hizo zifute, lakini kwanza ziondolee ruhusa ya majina.

Ama bangili za mama, hazimlazimu. Mama hana deni. Akitaka kumsaidia mwanawe kwa ridhaa yake ni ihsani, lakini asiuze mali yake kulipia ribaa kwa sababu ya aibu. Tukawakumbusha na ndugu wa msikiti kuwa wenye madeni ni miongoni mwa mafungu manane ya Zakaah katika Suratut-Tawbah Aayah ya 60, pale mtu anapokopa kwa haja ya kweli na akashindwa kulipa. Kodi ya nyumba ni haja.

Wanaouliza mbadala, upo ingawa ni mchache. Amana Bank ilianza 2011 kwa kufuata Shari'ah kikamilifu, na Kenya Safaricom na Gulf African Bank walitoa Halal Pesa mwaka 2022. Jina peke yake halitoshi. Uliza: bidhaa inanunuliwa kweli? Nikichelewa, faini inakwenda wapi? Kwa shida ndogo ndogo, vikundi vya kuchangiana vya mama zetu, ambavyo kila mwezi mmoja hupokea bila ya ziada, vinatosha zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Asubuhi ya kuondoka, imamu wa msikiti alitujulisha kuwa zimepatikana 100,000 katika Zakaah, na mwenye gari anayemwajiri kijana amekubali kumtangulizia 55,000 atakazokatwa msimu ukifunguka, bila ya nyongeza. Kijana akampigia mama yake Chake Chake mbele yetu. Mama akauliza kwanza kama ameshakula.

Na Allaah Anajua zaidi.