Kisanduku cha Tatu Hakitoshi

Sensa ya Kenya ya Agosti 2019 ilikuwa ya kwanza barani Afrika kuwahesabu huntha, yaani watu waliozaliwa na maumbile yasiyoangukia moja kwa moja upande wa kiume wala wa kike. Katika watu 47,564,296, walipatikana huntha 1,524 tu.

Hapa mtakwimu yeyote lazima ashtuke. Makadirio ambayo Umoja wa Mataifa huyatumia ni kati ya asilimia 0.05 na 1.7. Hata kwa kima hicho cha chini, tungetarajia zaidi ya watu 23,000. Wengine wamejificha wapi?

Tuangalie swali lenyewe linavyoulizwa. Karani hufika na kishikwambi chake, huketishwa uani, kisha humuuliza mkuu wa kaya habari za wote waliolala humo. Watoto wanasikiliza, jirani anaanua nguo zake pale pale. Ni baba gani atakayemtaja mwanawe kuwa huntha mbele ya masikio yote hayo? Na karani anayeona haya hukisia jinsia kwa jina au mavazi, akasonga mbele.

Kisanduku cha huntha kwenye fomu ya sensa hakikuja kwa hisani. Mwaka 2009 alizaliwa mtoto Nairobi, na kwenye karatasi za hospitali, mahali pa jinsia, pakatiwa alama ya kuuliza. Akawa hana cheti cha kuzaliwa. Mahakamani alijulikana kama Mtoto A, na katika hukumu ya Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola aliitaka serikali, pamoja na mengine, itaje chombo chenye jukumu la kukusanya takwimu za huntha.

Wengi wanaotunga fomu siku hizi huongeza neno “Nyingine”, wakadhani wamemaliza kazi. Humo wanachanganyika huntha, mtu anayeishi kwa jinsia tofauti na aliyosajiliwa nayo, na asiyetaka kujibu. Takwimu ya namna hiyo haimfai daktari wala mpanga bajeti. Watajwe wazi, na anayetaka kunyamaza apewe kisanduku chake. Na kama fomu ni ya kuazima vitabu maktaba, swali la jinsia lifutwe kabisa.

Kenya huhesabu watu kila baada ya miaka 10. Wanaoandaa sensa ya 2029 wawafundishe makarani kumuuliza kila mtu mzima peke yake, faraghani, na wawape muda wa kutosha kufanya hivyo.