Sindano ya kansere: tuulize kwanza, parsele tutauza nyuma

Kwetu Uvira, mpaka kule Misisi kwenye mashimo ya dhahabu, tunasikia watu wanasema: iko sindano mpya ya kuponesha kansere. Mgonjwa akipatikana, familia inaanza kuhesabu ng'ombe na parsele. Basi tuelewane hiyo dawa inafanya nini.

Mwili uko na askari wake, ni chembe nyeupe za damu. Askari hao wana breki, ili wasishambulie mwili wenyewe. Kansere ni mjanja: inafika sawa msafiri mwenye karatasi ya uongo kwenye bariyeri, askari wanaiacha ipite. Dawa hizi haziui kansere zenyewe. Zinafanya ile karatasi isikubaliwe tena. Askari wanaamka, wanapigana. Kwa kuvumbua njia hiyo, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipata tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Ya kwanza, ipilimumab, ilikubaliwa Marekani mwaka 2011. Bei yake ilikuwa karibu dola 120,000 kwa mgonjwa mmoja. Pembrolizumab na nivolumab zikafuata mwaka 2014. Zinapitishwa kwenye mshipa, kwa kansere ya ngozi iitwayo melanoma, ya mapafu, ya figo na zingine. Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, alipewa pembrolizumab mwaka 2015, pamoja na upasuaji na miale. Akafikisha miaka 100. Lakini kuna wagonjwa wengi haziwasaidii. Tena askari wakikosa breki wanaweza kushambulia mapafu, utumbo ao ini: kuhara sana ao kukosa pumzi, hata miezi nyuma, ni kurudi kwa muganga mbiyo.

Kwa mchimbaji, vumbi la mawe lenye silika linaweza kuleta kansere ya mapafu, na linafungulia kifua kikuu mlango. Kikohozi kikipita wiki mbili, makohozi yapimwe kwanza, kisha picha ya kifua. Bila biopsi, ni kusema kipande cha nyama kupimwa, hakuna anayejua ni kansere gani.

Kwa hiyo, kabla parsele haijauzwa, tumuulize muganga: Biopsi imesema nini? Kansere ya namna hii inasikia dawa hiyo? Sindano ni ngapi, na nani atamfuata mgonjwa akirudi nyumbani? Akikosa jibu la moja, parsele ibaki kwanza.