Chapo Ndengu Bila Kuogelea kwa Mafuta: Venye Utapika Msosi wa Kihindi Mwepesi kwa Keja Yako

Wasee, ukisikia "msosi wa Kihindi" akili inakimbia hadi zile hoteli kubwa za Nairobi: mchuzi wa malai, samli inaelea juu, na bili ya kukutoa jasho. Unajiambia hiyo si ya mtu wa Awendo. Lakini pita tu hapo soko, kwenye wazee bado wanaita Sare. Utapata chapo, samosa, bajia na kachumbari kila kona. Hizo zote zilitoka upande wa India. Kwa hivyo umekuwa ukidishi Kihindi tangu ukiwa mtoi. Ni vile umezoea ile ya sherehe, si ile ya kila siku.

Kati ya 1896 na 1901, Waingereza walileta wafanyikazi karibu 32,000 kutoka India kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu. Wengi walirudi kwao, lakini kuna wenye walibaki, na wafanyibiashara wengine wakafuata, sanasana Wagujarati na Wapunjabi. Maduka yao yakasambaa hadi miji ya huku ziwani. Viungo vikaingia dukani, vikatoka dukani vikaingia kwa sufuria zetu.

Sasa, kitu wengi hawajui: chapo yetu ya kukunjwa na mafuta na kukaangwa inafanana zaidi na ile Wahindi wanaita paratha. Chapati yao ya kila siku haikaangwi. Inaiva kwa pan kavu. Hata ile malai ya hoteli si msosi wa kila jioni kwao. Nyumbani ni dal, mboga, wali ama roti, na maziwa ya mgando. Basi.

Mafuta ndio stori yote

Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, iwe ya kupima ama ya chupa, ni karibu kalori 120. Ukimwaga robo kikombe ndio ukaange kitunguu ya ndengu, hizo ni vijiko vinne, karibu kalori 480 kabla hata ndengu haijaingia. Msee wa kukata miwa ya SONY tangu asubuhi anaweza zichoma zote kabla jioni. Wewe mwenye unashinda umekaa kwa stage ya boda ukingoja abiria, zinaenda wapi?

Na kuna hii ingine. Boma mingi huku kuna mtu wa presha ama sukari. Huyo mara nyingi anapikiwa kasufuria kake kando, chakula baridi haina ladha, kaa mtu ako kwa adhabu. Ukijua kupika Kihindi chepesi, dani anaweza kula sufuria moja na nyinyi wote. Asiache dawa na afuate venye daktari alimwambia, lakini angalau asikule peke yake.

Ndengu: mafuta ingie mwisho

Kwa watu wanne, loweka kikombe kimoja cha ndengu usiku kucha. Ikilowa inaiva haraka, na hapo umeokoa gesi ama makaa. Mwaga hiyo maji, weka ingine vikombe vitatu au vinne, nusu kijiko kidogo cha manjano, na tangawizi ya kupondwa. Chemsha mpaka ndengu ipasuke. Alafu ponda kama robo yake na mwiko ndani ya sufuria. Mchuzi utakuwa mzito wenyewe, bila malai wala nazi.

Sasa ile siri, Wahindi wanaiita tadka. Chukua kasufuria kadogo, weka kijiko kikubwa kimoja tu cha mafuta, ngoja ishike moto. Rusha nusu kijiko kidogo cha jira, ile bizari nyembamba. Ikianza kulia, ongeza kitunguu saumu, kitunguu kidogo na pilipili. Vikigeuka rangi, weka nyanya moja, ikilainika mwagia yote juu ya ndengu na ufunike dakika mbili.

Mbona inafanya kazi? Juu harufu ya viungo inashikana na mafuta vizuri kuliko maji. Jira ikichemshwa kwa maji tupu inanyamaza. Ikipita kwa mafuta moto kidogo, inaongea sufuria mzima. Kwa hivyo haukuwa unahitaji mafuta mingi, ulikuwa unahitaji mafuta moto. Chunga tu saumu isiungue, itakuwa chungu na hakuna kurudi nyuma.

Malizia na ndimu na dania. Ndimu inasaidia upunguze chumvi bila mtu kugundua. Na kama unatumia mchuzi wa pakiti, onja kwanza, juu mara nyingi huwa na chumvi tayari.

Wagujarati pia huweka kipande kidogo cha guru kwa dal, ndio utamu upigane na ndimu. Guru ni ile tu sukari nguru ya miwa yenye tunajua huku. Kipande cha ukubwa wa ukucha kinatosha. Hiyo bado ni sukari, kwa hivyo kama unapikia mtu wa sukari, iruke.

Chapo kavu

Chukua vikombe viwili vya unga wa atta, chumvi kidogo, na maji vuguvugu ukiongeza polepole mpaka unga ushikane na uwe laini. Funika na kitambaa nusu saa. Usiruke hapa, unga usipopumzika chapo inakuwa ngumu kaa kiatu. Gawanya madonge madogo, sukuma nyembamba, weka kwa pan moto isiyo na mafuta. Ukiona mapovu, geuza. Upande wa pili ukishika madoa, geuza tena na ufinye kando kando na kitambaa safi. Mvuke unanaswa ndani na chapo inafura kama mpira. Ikitoka, ifunge kwa kitambaa mara moja ndio isikauke.

Itakosa zile tabaka za chapo ya Krisi, hiyo ukubali. Lakini ukichota nayo ndengu, hautazikumbuka.

Kando ya sahani

Kabeji ama sukuma, fanya vilevile: kijiko kimoja cha mafuta, jira, manjano, alafu funika iive na maji yake. Kachumbari, badala ya kuila kavu, changanya tango na kitunguu kwa maziwa mala, nyunyuzia jira ya kukaangwa kavu. Wahindi wanaiita raita, na inazima pilipili poa sana.

Ndengu ikibaki, kesho ichemshe na mchele mpaka vilainike pamoja. Hiyo ni khichdi ya haraka, na kule India ni msosi wa mtu mgonjwa ama mwenye tumbo imechoka. Haina mambo mingi.

Anza na ndengu wiki hii, chapo wiki ijayo. Usitangaze kwa nyumba kwamba umepunguza mafuta. Wape sahani kwanza, wamalize, ndio uwaambie.