Daftari za Hisani ni Haki ya Mnyonge

Kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Magu hata Sengerema, na huko visiwani Ukerewe, vimo vyama vingi vilivyoundwa kwa moyo mwema. Kimoja chalea yatima, kingine chachimba visima, kingine chawalipia karo watoto wa wavuvi. Wanachama wetu na wafanyakazi wengi wamo katika kamati za vyama hivyo. Kwa hiyo yatupasa kuuliza swali ambalo mara nyingi huonewa haya: je, daftari zake zi safi?

Wako wanaodhani kwamba nia njema yatosha. Haitoshi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali ya chama cha hisani si ya mwenyekiti wala ya mtunza hazina. Ni ya yatima na mjane ambao hawapo mezani wakati hesabu zinapofanywa.

Watu wa Mwanza hawakujua jana uzito wa jambo hili. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walianza safari yao ya ushirika kwa kudai mizani ya haki, maana waliibiwa katika vituo vya kununulia. Kutokana na madai hayo kukawa na vyama vya msingi, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wao mkuu, makao yake Mwanza. Mizani kwa mkulima ndiyo daftari kwa chama cha hisani.

Hati ya uandikishaji nayo twaijua kwa sura yake mbaya. Chini ya Sheria ya Jumuiya ya mwaka 1954, serikali ya kikoloni ilidai kila tawi la jumuiya liandikishwe. TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilinyimwa ruhusa hiyo Usukumani, na hadi mwaka 1958 haikuweza kufanya kazi huko kwa halali. Karatasi ilifanywa pingu. Fundisho lake ni la pande mbili: mwananchi aitii sheria, na mwenye kuisimamia asiigeuze kuwa kamba ya kumfunga mtu mwema.

Sasa sheria yenyewe yasemaje? Mashirika yasiyo ya kiserikali yatawaliwa na Sheria Namba 24 ya mwaka 2002. Mabadiliko ya mwaka 2019 yalitenganisha makundi: kampuni ni za biashara, jumuiya ni jumuiya, na shirika la hisani lisilogawana faida lina Msajili wake. Yale yaliyokuwa yameandikishwa kama kampuni yalipewa miezi miwili tu kuhama. Mabadiliko hayo pia yaliweka kikomo: cheti hudumu miaka 10, kisha lazima kihuishwe. Basi aliyekipata mwaka 2019 asingoje mwaka 2029 umkute amelala.

Kila mwaka shirika halina budi kuandaa taarifa ya kazi zake pamoja na hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi wa nje. Kanuni za mwaka 2018 zaongeza kwamba mkataba wa fedha zinazozidi shilingi milioni 20 upelekwe Hazina na kwa Msajili katika siku 10.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Hudhani kwamba aliye na cheti cha Msajili amekwisha kusamehewa kodi. Sivyo hata kidogo. Cheti ni mlango mmoja, kodi ni mlango mwingine. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, shirika lahesabiwa kuwa la hisani pale tu linapokuwa la umma, kusudi lake pekee likiwa kuondoa umaskini au dhiki, kuendeleza elimu, au kutoa huduma kama afya, maji na barabara. Tena liwe na uamuzi wa Kamishna wa Mamlaka ya Mapato ulio hai. Lisilo na uamuzi huo huweza kudaiwa asilimia 30 ya pato lake, kama kampuni yoyote.

Hata lenye uamuzi halikufunguliwa mizigo yote. Fedha zilizotumika kwa kazi ya hisani huondolewa katika hesabu ya kodi, pamoja na asilimia 25 ya pato la shughuli zake na vitega uchumi vyake, kinachobaki hutozwa. Tena ritani hupelekwa kila mwaka, na kodi ya mshahara ya mlinzi, mpishi na mwalimu hukatwa na kulipwa kila mwezi, na mchango wao wa NSSF vivyo hivyo. Mfanyakazi aliyekatwa mchango usiofika katika mfuko ameibiwa, hata kama aliyemwibia aliitwa mfadhili.

Najua jawabu la walio wadogo: kikundi cha mama kumi mwaloni Kirumba kitampataje mkaguzi? Malalamiko hayo ni ya haki, nasi hatuyapuuzi. Maafisa maendeleo ya jamii wa wilaya wapo ili wafundishe kabla ya kuadhibu. Mhasibu aliye mwanachama atoe Jumamosi moja kwa mwezi kusaidia. Vikundi jirani vichangie gharama za mkaguzi mmoja.

Basi, ndugu, katika mkutano ujao wa kamati yako uliza mambo manne tu. Cheti chetu kitakwisha lini? Taarifa ya mwaka jana ilipelekwa? Uamuzi wa Kamishna tunao? Michango ya wafanyakazi imelipwa? Anayekasirishwa na maswali hayo mwombe alete daftari mezani, lifunguliwe mbele ya wote. Mwenye hesabu safi hatalificha.