Karanga kwenye Uji wa Mtoto: Hofu Tuielekeze kwa Ukungu

Katavi, mkoa wa Tanzania uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, unalima mahindi na mpunga, na unalima pia karanga, ufuta na alizeti. Hata hivyo takribani mtoto mmoja kati ya watatu wenye umri chini ya miaka 5 mkoani humo amedumaa, hali isiyotofautiana sana na asilimia 30 iliyopatikana kitaifa mwaka 2022. Malaria na maji yasiyo salama yana sehemu yake katika udumavu huo, lakini uji wa mahindi matupu nao una yake. Tumbo la mtoto wa miezi 6 ni dogo, na uji huo unalijaza kwa maji na wanga. Gramu 100 za karanga zina takribani gramu 25 za protini na karibu gramu 50 za mafuta, kwa hiyo kijiko kimoja cha karanga zilizosagwa laini hubadilisha bakuli zima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka mtoto aanze chakula cha nyongeza akiwa na miezi 6 huku akiendelea kunyonya, na unataka jamii ya kunde, karanga na mbegu zitolewe mara kwa mara, hasa pale nyama, samaki na mayai yanapokuwa adimu.

Wazazi wengi huahirisha karanga kwa kuogopa mzio. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, maana hata madaktari wa Ulaya na Marekani waliwahi kushauri hivyo. Mwaka 2015 Gideon Lack na wenzake wa King's College London walichapisha utafiti uliohusisha watoto 640 wa miezi 4 hadi 11 waliokuwa katika hatari kubwa kwa sababu ya pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai. Kati ya wale ambao kipimo cha ngozi hakikuonyesha dalili mwanzoni, asilimia 13.7 ya walionyimwa karanga walikuwa na mzio walipofika miaka 5. Kwa waliolishwa ilikuwa asilimia 1.9 tu. Mtu atasema London si Katavi, na ni kweli: takwimu hizo hazipimi mzio wa watoto wa Katavi. Zinachobomoa ni dhana kwamba kuchelewesha humkinga mtoto. Basi anza na kiasi kinachoshikwa na ncha ya kijiko, asubuhi, mtoto akiwa mzima, aina moja ya mbegu kwa siku kadhaa kabla ya kuongeza nyingine. Akivimba midomo, akitapika mfululizo au akihema kwa shida, apelekwe kituo cha afya mara moja. Mwenye pumu kali ya ngozi au aliyewahi kudhurika kwa mayai aonwe kwanza na mtaalamu.

Hatari iliyo karibu zaidi ni umbo la mbegu. Karanga nzima, au iliyopasuliwa vipande, huweza kuingia katika njia ya hewa ya mtoto asiye na magego, na inashauriwa asipewe hivyo kabla ya miaka 5. Ufuta mzima haupalii kirahisi, lakini hupita tumboni bila kumeng'enywa. Kinu ndicho kinachoufanya kuwa chakula.

Lakini adui ninayeona anastahili hofu yetu kubwa ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yasiyokauka vizuri. Mwaka 2016 iliua watu 20 Dodoma na Manyara. Kwa kiasi kidogo cha kila siku haiui papo hapo. Hulidhuru ini polepole, na utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu watoto wa Benin na Togo uliihusisha na udumavu. Wapo wanaoamini moto huimaliza. Kukaanga huipunguza tu, na kuchemsha uji hakuiondoi. Kinachosaidia hutangulia jiko: kuanika karanga juu ya turubai au chanja badala ya ardhi tupu, kutolowesha maganda ili yabanguke upesi, kisha kuchambua. Punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au kutobolewa na wadudu ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu hiyo, na hazifai hata kwa ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sumu huhamia kwenye maziwa.

Ndiyo maana siuamini unga wa lishe uliochanganywa tayari na kuuzwa bila kupimwa. Ukishasagwa, hakuna jicho linaloweza kutenganisha punje nzuri na mbovu, na mafuta ya karanga huchacha upesi ndani yake. Kuchambua na kusaga nyumbani kunachukua muda, na mama anayerudi kutoka shambani jioni ana haki ya kulilalamikia hilo. Kazi hiyo isiachwe kwake peke yake: baba na ndugu wanaweza kuchambua. Maofisa lishe wa halmashauri za Katavi (Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe) nao wafundishe uanikaji na uchambuaji siku za kliniki, pale pale mtoto anapopimwa uzito, kabla msimu wa kung'oa karanga haujaanza.